Tusajigwe Hakuudunda Mpira

Jumatano, baada ya majaribio.

Kwako Mwalimu wa timu ya kikapu ya chuo, ambaye ndiye mimi. Baada ya salamu, ninaandika kwa madhumuni ya kujishtaki kuhusu Tusajigwe, mwanafunzi mpya aliyekuja leo kuomba nafasi moja iliyobaki.

Pasi zake zote zilifika mkononi mwa mwenzake. Lakini hakuudunda mpira hata mara moja, na nahodha akamtania: "Dada, mbona unaukumbatia kama mtoto? Udunde, hauvunjiki huo!" Wote walicheka. Nami nilicheka, jambo lisilostahili mtu wa cheo changu, kisha nikatamka mbele yao kwamba hafai.

Alipokuwa akivaa ndala zake nilimuuliza ni nani aliyemfundisha kucheza vile.

"Kwetu Ngonga uwanja ni tope, mwalimu. Ukiudunda haurudi. Ndiyo maana tunapeana tu."

Hapo nilielewa kwamba kudunda mpira hufundishika kwa muda mfupi, ilhali mkono kama ule sijauona hapa chuoni. Nilipaswa kusema palepale. Lakini wachezaji walikuwa wakisikiliza, nami sijazoea kufuta kauli yangu hadharani, kwa hiyo...

"Ndaga, mwalimu," akaniambia, akaondoka. Yaani ananishukuru!

Kesho majina ya timu yanabandikwa. Ninaomba uamuzi: utamwita arudi, mbele ya wachezaji walewale waliocheka, au hutamwita?