Pini Huku, Pini Huku

Chumba cha Kurekodia,
Nyuma ya Maktaba,
Jumanne, 14 Mei.

Mpendwa Kaka,

Hujambo? Wifi na mapacha wazima? Na lile goti lako, limepoa au bado linakuendesha? Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri na anagombana na redio kama kawaida yake, basi tunajua ni mzima.

Prosesa uliyonitumia, huo ubongo wa kompyuta, ilifika bila mkwaruzo. Asante sana. Lakini Kaka, siku nyingine niulize kwanza! Kompyuta yangu haikuikubali kabisa, ikabidi nitafute madabodi nyingine, ule ubao unaobeba kila kitu ndani. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira ambazo hadi leo hazijashuka.

Kazi yangu unaijua: nasoma vitabu vya shule kwa sauti, narekodi, nasafisha sauti, wanafunzi wasioona wanasikiliza. Mtihani ulibakiza wiki tatu, na kompyuta ilikuwa inazimika katikati ya kila sura ya Biolojia. Nikaenda kwa muuzaji mmoja wanayemwita Profesa. Nilimwandikia jina kamili la prosesa kwenye karatasi. Hata hakuitazama.

"Dada, madabodi hii inakubali zote. Mambo haya tuachie sisi."

Tuachie sisi! Nikainunua. Fundi wa shule akahangaika nayo asubuhi nzima, prosesa haikai. Kesho yake nikarudi dukani na mwalimu wa hesabu, ambaye haoni tangu utotoni. Profesa akasema eti fundi wetu mlegevu, abonyeze kwa nguvu! Mwalimu akaomba avishike vyote viwili. Yule bwana akanigeukia mimi: "Sasa huyu atakagua nini?"

Kaka, damu ilinichemka. Mtu kasimama mbele yako, unamuulizia kama mzigo!

Mwalimu alipitisha ncha ya kidole polepole chini ya prosesa, kisha pale inapokaa kwenye madabodi.

"Huku pini, na huku pini," akasema. "Matundu yako wapi?"

Profesa akakuna kichwa, akaanza kufungua makabati.

Alitubadilishia, ila samahani hakuitoa. Safari hii sikumpa nafasi: nilimtaka anionyeshe jina la prosesa yetu kwenye orodha iliyotolewa na watengenezaji wa madabodi, aina ya ramu, yaani kumbukumbu, inayotumia, kisha aiwashe palepale. Ikawaka.

Biolojia tumeimaliza jana, sura zote, na wanafunzi wameanza kuisikiliza.

Njiani nilimuuliza mwalimu kwa nini hakumjibu yule mtu. Akasema angewajibu wote wa namna ile, asingepata muda wa kufundisha. Mimi muda ninao, ndiyo maana nimekuandikia.

Mama, shangazi na fundi wa shule wanakusalimu. Nibusie mapacha, mpe wifi mkono wangu. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake.

Ni mimi nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Mdogo wako, Kasuku