Karata Nane za Zelmira

Fidenza, 23 Machi 1988

Mpendwa dada Desolina,

Salamu nyingi zivuke bahari zikufikie huko Rosario, wewe na shemeji Anselmo na watoto wote. Natumaini goti lako limepoa na umeacha kubishana na daktari. Mimi mwili ni mzima. Kichwa ndicho sina hakika nacho tangu juzi, na ndiyo maana mwandiko wangu unayumba. Usiseme nimeanza kunywa.

Barua yako ya Krismasi ninayo hapa mezani. Umesema utakuja Mei, na kabla hujavua koti nikupeleke kaburini kwa marehemu mume wangu Egidio, ukapige magoti umwombe radhi, kwa kuwa ulimwacha alipokuwa mchumba wako kwa ajili ya maneno ya mpiga ramli. Miaka thelathini na mitano jambo hilo limekukaa rohoni. Nililia nilipolisoma. Sasa kaa chini, dada, maana ninalokuandikia ni hilo hilo.

Unaujua ugonjwa wangu wa karata za ramli. Egidio alikuwa akinicheka kwamba wake za wenzake wanakusanya vikombe, walau vinanywewa kahawa, wake yeye anakusanya uongo wa kale, tena kwa pakiti. Basi Jumapili nilikuwa Fontanellato kwenye soko la vitu vya zamani, nikakuta Iolanda amepanga vitu vya mama yake juu ya shuka. Mama yake ni Zelmira, yule yule wa nyuma ya kituo cha treni aliyekutazamia wewe. Kati ya vijiko na sanamu za watakatifu zilikuwapo karata zake.

Nilishtuka, kwa sababu mpiga ramli akifa karata zake huwekwa naye jenezani; hiyo ndiyo desturi yao. Nikamuuliza Iolanda imekuwaje. Akanijibu, "Mama alitaka azikwe nazo, lakini maiti hali, mimi ndiye ninayekula." Nikanunua bila hata kuomba apunguze.

Nyumbani nikazihesabu. Hamsini na mbili, kamili, na stempu ya kodi ya kabla ya vita. Kisha nikapitisha kidole gumba pembeni, kama tunavyofanya sisi wakusanyaji, nikahisi baadhi zimepungua upana kuliko nyingine, tofauti ya unywele. Karata iliyokatwa kwetu ni karata mbovu. Mwenye nayo akiona ncha zimechakaa huzipunguza kwa mkasi, na thamani inakwisha hapo. Nikamtukana Iolanda peke yangu jikoni.

Lakini zilizokatwa zilikuwa nane tu, tena hazikuchakaa. Nikazitazama moja moja: Uongo, Safari, Machozi, Adui, zote za mabaya, wala hata moja ya heri. Nikazichanganya na zile nyingine, nikapitisha kidole ukingoni mpaka kikazama penye iliyokatwa zaidi ya zote, nikavuta hapo. Ikaja Uongo, na nyuma yake Safari. Nikarudia, zikaja tena. Mara ya tatu niliziachia zikamwagika sakafuni.

Dada, si ulitusimulia mwenyewe? Kwamba Zelmira alikupa uzichanganye kwa mkono wako mwenyewe, akazipokea, akavuta, na mara tatu zikatoka Uongo na Safari? Mama alipiga ishara ya msalaba, na kabla ya mavuno ulikuwa melini na mjomba.

Jumatatu nikaenda kwa Iolanda nikijifanya nimekuja kulalamika. Alicheka mpaka akashika meza. "Mama weee! Mtu mzima na mvi zako, ulidhani mama anaongea na malaika? Watu walikuwa wanakuja kwanza kumwambia karata ziseme nini!" Kumbe walikuja wakwe, wakaja wazazi, wakaja hata wachumba. Nikailegeza sauti, nikamuuliza kama anamkumbuka binti wa fundi cherehani, yaani wewe, aliyekimbilia Argentina. Mimi hanijui, ameishi Milano tangu alipoolewa.

Alikumbuka kwa sababu ya jibini. Alisema alikuja kijana wa kiwanda cha jibini cha mzee Bonati na kipande kikubwa kimefungwa kitambaani, wakakila mpaka Pasaka. Kijana akasema hana uso wa kumwambia yule binti kwamba hamtaki tena, afadhali karata zimwambie na aondoke mwenyewe. "Dume zima! Linaogopa kutamka neno moja!" alisema Iolanda. Kisha akaongeza, huku akifuta meza, kwamba macho ya kijana yalikuwa yamehamia kwa mdogo mtu. "Humo humo, chini ya paa moja! Hivi alimpata?" Nikamwambia sijui.

Kwa mzee Bonati siku zile alikuwako kijana mmoja tu, dada. Unamjua.

Sasa nikuungamie. Sikukasirika kwanza. Pale kwenye ngazi za Iolanda nilifurahi, nikashika ukuta kwa furaha kama msichana, kwamba kumbe alinitaka mimi. Miaka thelathini na moja niliishi na mume nikidhani ninakula makombo yako. Akinyamaza mezani, nilijua anakuwaza wewe. Ndiyo maana mwaka wa sabini na nne ulipotaka kuja nilikuandikia kwamba nyumba inatengenezwa. Haikutengenezwa hata dirisha. Sikutaka akuone.

Aibu ilinijia nilipofika barabarani. Hasira imekuja leo. Alikuachia wewe dhambi na mimi wivu, akakaa katikati akala akashiba, na nilipomfumba macho Oktoba nilimwita mtu mwema.

Njoo Mei, dada. Kitanda nimekitandika. Huko makaburini hakuna anayekudai radhi; yeye ndiye unayemdai wewe, na yeye amechelewa. Mimi bado niko hai, na wa kupiga magoti ni mimi.

Nisalimie shemeji na watoto, na wajukuu uwabusu mmoja mmoja. Ukiona huwezi kuja tena, niandikie hata mstari mmoja, ili nisikae nikisikiliza mlango.

Mdogo wako,
Ersilia