Rubisi Iliyosingiziwa

Jumatatu, 3 Juni
Mume wangu Deo kakanyaga ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi, tangu asubuhi. Kajikwaa mara mbili akitoka kwenye mtumbwi wa kukamulia. Anasema mgongo. Mwezi wa pili sasa, mgongo. Mimi nasema pombe. Mpika pombe hakosi kuonja.

Ijumaa, 7 Juni
Kaanguka barabarani Nyaishozi, mchana kweupe. Wanakwaya wenzangu wakacheka. Aibu imenishika. Anaapa hajagusa kitu. Mlevi gani hukiri?

Jumapili, 9 Juni
Kakojoa kitandani. Baba wa watoto watatu. Nimemtandikia mkeka jikoni, alale huko na pombe yake. Hakubisha. Nimekwenda ibadani na nimeimba vizuri.

Jumatano, 12 Juni
Nimemkuta kakaa karibu na mafiga, kaa la moto limemng'ang'ania kisigino. Ngozi inaungua, yeye ananiuliza habari za asubuhi. Nimemnusa mdomo. Hakuna harufu. Nimeogopa sana.

Alhamisi, 13 Juni
Kituo cha afya. Daktari ni binti mdogo. Kamwamkia Deo shikamoo, kisha maswali. Maumivu hayaachi hata akilala? Miguu ina ganzi? Kakonda? Mkojo unamtoka bila kujua? Yote ndiyo. La mkojo nimejibu mimi, Deo kainamisha kichwa.

"Mama, kwa dalili hizi lazima apigwe MRI ya mgongo. Mkojo ndio dalili ya haraka kuliko zote. Umeanza lini?"

Nimesema Jumapili. Habari ya mkeka sikuisema. Tumepewa rufaa ya Mwanza.

Jumamosi, 15 Juni
Kaingizwa kwenye mashine. Nje nasikia inavyogonga. Ni uvimbe, umebana mishipa ya fahamu ndani ya uti wa mgongo. Watampasua leo hii. Tungewahi siku ile ya mkojo, wanasema, pengine angetembea. Sasa hawaahidi.

Siku sita tangu Jumapili ile. Nne kati ya hizo ni zangu, za mkeka wa jikoni.

Jumamosi, 20 Julai
Tuko nyumbani. Miguu haikurudi. Jirani kaleta kibuyu cha rubisi, pole ya mgonjwa. Deo hakukipokea. Kasema aliacha kunywa tangu Kwaresima. Hakuniambia, alitaka nione mwenyewe.

Nimembadilishia shuka. Nimemwomba radhi. Ameuliza kama ndizi za rubisi zilizofukiwa shimoni zimeiva.

Zimeiva. Hakuna wa kuzikanyaga.