Nimekalia boneti mpaka ikapoa

Saadiya, leo nimekalia boneti ya gari la watu pale yadi ya Ilala, na sijutii!

Si unajua natafuta kigari cha dizeli kilichotumika, cha kunipeleka dukani Kariakoo kila siku? Muuzaji kawasha kimoja, kikanguruma vizuri. Mwanangu Aristides keshashika kalamu asaini.

Nikagusa boneti. Ya moto! Saa mbili asubuhi, ndiyo kwanza kawasha, ya moto!

"Bibi, hilo gari, siyo jiko," muuzaji akanicheka.

"Mjukuu wangu, jiko lililowashwa kabla mgeni hajafika nalijua." Nikaikalia mpaka ipoe.

"Mama, unatuaibisha!"

"Aibu yako, makalio yangu."

Saa nne akawasha tena. Moshi mweupe, kikazima. Kikazima, Saadiya!

Nikachukua kile cha pembeni chenye vumbi, kilichowaka mara moja kikiwa baridi. Kesho nakupitia. Wewe mbele, Aristides nyuma.