Mkwe wa Hotelini

Mbololo, 4 Februari 2025

Kwa Baba Wayua,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua nikishuka shambani. Na wewe je, kifua kimepona? Na mjukuu wangu Wayua, bado anakataa uji?

Usishtuke kupata barua. Jirani yangu Tryphena anafua nguo katika hiyo hoteli mpya ya ghorofa nje ya mji, hiyo iliyo mbali na lodge za watalii. Amefua mashuka yenye vumbi jekundu mpaka akauliza ni nani huyu anayelala na machimbo yote ya Kishushe kitandani. Akatajiwa jina: Ndambuki. Kumbe mkwe wangu yuko Voi tangu Januari, na mimi nakula mbaazi peke yangu huku juu!

Sikulaumu. Najua huwezi kulala kwangu wala kuketi na mimi. Nthoni ni nthoni, haya ya wakwe haivunjwi. Mkamba mwenye adabu hakai meza moja na mama mkwe wake. Zamani binti yangu Mutheu ndiye alikuwa anabeba maneno yako kuniletea, na yangu kukupelekea. Tangu tumzike najiuliza kama bado nina mkwe. Simu naiogopa, sauti iko karibu sana. Barua Tryphena atabeba.

Mama mkwe wako,
Mbula


Voi, 6 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Pole kwa magoti. Kifua changu kimepona. Wayua yuko kwa dada yangu Machakos, shuleni anafanya vizuri, uji bado ni vita.

Barua yako imenitia aibu. Kila wiki nilipanga kukuandikia na kila wiki nikashindwa, nianze vipi bila Mutheu? Asubuhi gari la kampuni linatupeleka Kishushe kupima mawe, jioni linaturudisha. Wenzangu wamepanga nyumba mjini. Mimi kampuni imeniweka hapa. Ni pasafi kupita kiasi. Mlango unafunguka kwa kadi, dirisha halifunguki kabisa, na anayenikaribisha kwa jina ni televisheni. Chini kuna semina kila siku. Watu wa semina wanavaa vitambulisho shingoni, wanacheka kwenye chai ya saa nne, kesho wameondoka na wamekuja wengine. Mhudumu ameacha kuniuliza kama namngoja mtu. Anaondoa tu kikombe cha pili. Mama, jioni nyingine natamani hata mtu wa kunigombeza.

Kuna jambo nataka kukuambia mwenyewe, ana kwa ana, kabla hujalisikia kwa watu. Hotelini si kwako wala si kwangu. Njoo Jumapili ya tarehe kumi na sita ukitoka kanisani, tule chakula cha mchana meza moja. Mara moja tu, nakuomba.

Mkweo,
Ndambuki


Mbololo, 10 Februari 2025

Baba Wayua,

Salamu. Huku hatujambo, ila jua limekuwa kali na mboga zinanyauka.

Meza moja! Marehemu mume wangu angesikia angeinuka huko aliko. Miaka yote hii sura yako naijua kwa picha ya harusi. Wewe mwenyewe nimeona mgongo tu. Nimelala na neno lako siku kadhaa nikiligeuza. Halafu nikajiambia, wa kukasirika wengi wao wamekufa, na aliye hai ana njaa ya kuongea. Nitakuja. Usinitazame sana usoni, na mimi sitakutazama mdomo.

Mamako,
Mbula


Voi, 16 Februari 2025

Mama,

Natumai ulifika nyumbani salama. Salamu nyingine leo sina.

Nimekaa pale mezani mpaka wahudumu wakaanza kukunja vitambaa. Soja wa getini ndiye ameniambia: mama mmoja mwenye kilemba cheupe aliingia, akasimama kwenye kioo cha mkahawa, akageuka mbio akaondoka.

Nimekosa nini?

Mkweo,
Ndambuki


Mbololo, 19 Februari 2025

Baba Wayua,

Mwili mzima, moyo ndio ulikuwa umevimba. Sasa umepoa kidogo.

Kanisa lilitoka mapema. Nikafika, nikakuona kwenye kioo unakula. Wali na kuku, shavu limejaa! Nilishtuka kama niliyekukuta unaoga, miguu ikageuka yenyewe. Nikiwa barabarani nikafikiri: amebadilisha nia, ameamua kula bila mimi, hiyo ndiyo njia yake ya kuniambia nirudi. Nililia mpaka nyumbani, na wewe ujue hivyo.

Jana Tryphena ameongea na mhudumu wako. Kumbe ulikula mapema makusudi, ili nikifika ukae tu na mimi, nisilazimike kukuona ukitafuna. Basi cheka, Baba Wayua, maana na mimi nilikuwa nimeshiba. Nilipitia kwa dada mmoja wa kanisani nikala ugali, ili wewe usinione nikitafuna. Tungekaa pale wawili na sahani tupu mbele yetu, kama watu wanaongoja mkutano uanze. Adabu ya Wakamba itatuua kwa njaa.

Huko sirudi tena, haya niliyoona yanatosha. Hilo jambo lako liandike.

Mamako,
Mbula


Voi, 20 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Nimecheka kwa sauti, halafu nikanyamaza ghafla, maana kucheka peke yako kwenye chumba kama hiki kunatisha.

Jambo ni hili. Nataka kuoa. Anaitwa Mwende, ni muuguzi Machakos, na Wayua anampenda. Sijamsahau Mutheu. Nimechoka tu kurudi mahali ambapo hakuna anayejua kama nimerudi. Nilitaka ulisikie kutoka mdomoni mwangu, unione uso, ujue sifanyi mzaha na mtoto wako.

Niambie neno lolote, hata la ukali.

Mkweo,
Ndambuki


Voi, 27 Februari 2025

Mama,

Habari za siku hizi? Tryphena anasema barua ulipokea, na kwamba uko mzima. Kila jioni namuuliza, anatikisa kichwa. Kazi yetu inaisha, Ijumaa tarehe saba narudi Nairobi. Naomba jibu kabla sijaondoka.

Mkweo,
Ndambuki


Mbololo, 4 Machi 2025

Ndambuki,

Salamu. Nimechelewa kwa sababu barua ya kwanza niliichana, ya pili pia.

Niliumia, sitakudanganya. Nilijua siku hii itakuja lakini nilitaka ije nikiwa nimekufa. Sasa nimetulia. Mwanamume wa umri wako hawezi kukaa hivyo milele. Oa. Naomba tu mjukuu wangu aletwe huku likizo, asinisahau.

Nimefikiri jambo lingine. Ukimwoa Mwende, mama mkwe wako ni mama yake. Huyo ndiye utakayemwonea haya sasa. Mimi nabaki mwanamke mzee wa Mbololo, na hakuna anayekatazwa kula na mwanamke mzee wa Mbololo. Basi kilichokuwa kinatuzuia kimeisha. Pitia hapa Alhamisi kabla ya safari. Nitaandaa meza, tuketi tukitazamana, tule pamoja kama ulivyotaka.

Mbula


Voi, 5 Machi 2025

Mama,

Shikamoo, na shikamoo tena. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, nikaona mwisho wake hukuandika mama, umeandika jina peke yake. Tryphena anangoja hapa abebe jibu hili leo leo.

Kesho Alhamisi nitakuja. Wayua ataletwa likizo ya Aprili, na Mwende mwenyewe ndiye amesema.

Lakini hiyo meza usiandae. Niwekee chakula sebuleni, kisha uingie jikoni ufunge mlango, na usitoke mpaka usikie gari limeondoka. Miezi hii yote hapa hotelini nimetamani mtu wa kukaa naye mezani kuliko kitu chochote, Mungu anajua. Ila kama ili nikae na wewe ni lazima kwanza niache kuwa mkweo, Mama, acha nile peke yangu.

Mkweo,
Ndambuki