Hijama Juu ya Dawa ya Moyo

Jumamosi, Matsangoni. Jua la leo lakaanga bila mafuta, nami nimelala kifudifudi kama mtoto, mgongo wote bandeji. Naandika kwa kidole kimoja. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kwa kukata mawe timboni hakuna aliyeniweza, na hilo hata mahasidi wangu wanalijua.

Alhamdulillahi, ni hai.

Moyo wangu una wazimu wake. Daktari wa Kilifi alinieleza kwamba moyo huendeshwa na umeme wake wenyewe. Wangu umevurugika, vyumba vya juu vyatetemeka badala ya kupiga sawasawa. Damu ikituama humo yaweza kuganda, donge likapanda ubongoni, ukapooza. Akanipa vidonge vya kuupunguza mbio, na vingine vya kuzuia damu isigande.

Nikavimeza, ila kwa siri; mke wangu tu ndiye aliyejua. Mimi, simba wa timbo, nijulikane mgonjwa?

Juzi moyo ukanirukaruka tena kama kuku aliyefungwa miguu. Nikaenda kwa Bakari, rika langu, anayefanya hijama, kutoa damu kwa vikombe. Kabla hajanichanja akauliza, "Wameza dawa yoyote, sheikh?"

"Dawa ni za wazee kama wewe."

Akacheka, akachanja, akaweka vikombe. Alipovitoa, damu ikakataa kukoma. Kitambaa cha kwanza kikalowa, cha pili kikalowa. Bakari akatuma mtoto mbio nyumbani kwangu.

Nikaogopa. Sijawahi kuliandika neno hilo.

Mke wangu Mwanakombo alipoitwa, akaingia bila hodi. "Bakari, huyu anameza dawa ya damu! Bonyeza hapo, usiachie!" Kisha akanigeukia. "Na wewe, Baba Zuhura, huo mdomo ungekuzika leo."

Wakanibonyeza kwa zamu hadi hospitali. Daktari alisema dawa haina kosa, imefanya kazi yake. Kosa ni kunyamaza. Akasema pia moyo ukizidi ukaidi, wapo wanaolazwa usingizi, moyo ukashtuliwa kwa umeme, urudi kwenye mwendo wake. Nikamwambia mawe yalinitii, sembuse moyo. Hakucheka.

Namshukuru Mungu, na daktari, na mikono ya Bakari. Mwanakombo namshukuru kuliko wote, ingawa sijajua nimwambieje.

Jioni hii baraza limejaa wa kunijulia hali. Nikamwita Mwanakombo kwa sauti aniletee maji, nikameza vidonge vyangu mbele yao wote. Akanitazama, akatabasamu kidogo.

"Si ulisema ni za wazee?" Bakari akauliza.

Nikamjibu hakuna wa rika letu anayemeza vizuri kama mimi.