Ndoo Tatu za Mama Mkwe

Mpendwa mshauri Bi Suad,

Naomba unisikilize mpaka mwisho, maana nyumbani kwangu hukumu imeshatoka na rufaa sijapewa. Mimi ni fundi wa boila, mitambo ya kupasha maji na nyumba joto, London hii nilianza kwa kuosha vyombo hotelini, leo nina gari la kazi lenye jina langu ubavuni na hakuna aliyenishika mkono. Starehe yangu ni moja, tangi la samaki sebuleni, lita mia na ishirini, lina kambare wanane wa Amerika Kusini, wadogo kama kidole gumba, wana ndevu na badala ya magamba wana ngao ngumu mbavuni, dukani wanaitwa kori. Miaka minne nahangaika watage. Maji yao ni nyuzi joto ishirini na sita, napima asubuhi, napima jioni, hazipandi hazishuki, na mayai ni sifuri.

Mama mkwe alikuja Desemba kutoka Machame. Jumamosi moja ya Februari narudi kazini namkuta anamimina ndoo ya tatu, ametoa lita thelathini na kurudishia lita thelathini za bomba, nyuzi nane, bila dawa ya kuondoa klorini, kipimo kimeshuka mpaka ishirini na moja na nusu! Namuuliza, Mama, umefanya nini? Ananijibu taratibu, "Baba, wanapanda juu kuhema. Haya maji yako ni ya kuogeshea mtoto mchanga." Mshauri, kupanda juu ni maumbile yao, wanameza hewa na utumbo ndio unaoifyonza, hata maji yakiwa safi. Nikasema, "Mama, hapa si kijijini, hapa vitu vina vipimo, kama hujui kaa utulie." Watoto walikuwepo. Akasema, "Sawa, baba," akakunja khanga zake, jioni ile shemeji yangu Ambrose akaja kumchukua, akampeleka kwake Harrow, humu humu London.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Kesho yake asubuhi namwona jike amekumbatia mayai manne kwa mapezi ya tumboni, anayabandika kiooni, anarudi kwa mengine. Nilihesabu tisini na manne. Nikasoma, kumbe kwenye mito ya kwao mvua ikinyesha maji hupoa, na hapo ndipo hutaga. Yaani mimi niliwapa kiangazi cha miaka minne.

Mke wangu Sesilia ananipakulia chakula huku amenuna. Ameniambia kitu kimoja tu, "Peleka sale." Kwetu Wachaga, jani hilo likiletwa kuomba radhi halikataliwi. Nilikuwa juu ya ngazi kwa mteja, nikatafuta picha ya sale, nikamtumia Mama kwenye WhatsApp, nikaandika "Naomba radhi." Ambrose akapiga simu, kicheko kimembana: "Shemeji, Mama anauliza, hilo jani limepanda treni gani?"

Alhamisi ijayo anarudi Tanzania. Kosa lilikuwa lake, mayai ni bahati. Kwa nini aibu niibebe mimi?

Elinaja, Tottenham

JIBU

Elinaja, pole. Barua yako nimeirusha mbele ya foleni kwa sababu ya hiyo Alhamisi.

Haki yako nakupa yote. Maji ya bomba bila dawa yangeweza kuua samaki wako wanane, na asiyejua tangi la mtu huuliza kwanza. Umeridhika? Sasa niambie, kuna mtu yeyote aliyekununia kwa ajili ya samaki? Bibi wa watu aliona viumbe wanatweta, akabeba ndoo tatu za maji ya barafu kwa mikono yake. Habari ya utumbo unaofyonza hewa mimi umenieleza vizuri kabisa, mgeni nisiyekujua. Yeye ulishindwa nini kumweleza? Ulimtajia kijiji. Kijiji hicho ndicho kilichokulelea mke.

Na hiyo picha! Mimi si Mchaga, lakini nimekaa na Wachaga vya kutosha kujua kwamba sale hupelekwa kwa mkono. Umetuma picha ya radhi, bwana.

Mayai, kama hukuyahamisha, yahesabu yameliwa, maana wazazi wenyewe huyala. Hilo limepita. Mama bado yupo Harrow, na kwa umri wake usijidanganye kwamba atapanda ndege tena mwakani.

Fanya hivi. Mmea wa sale unauzwa London kwenye maduka ya maua, watu wanaupanga madirishani kama pambo. Nunua, kata jani. Jumapili usipokee simu ya mteja. Ukifika, usitaje nyuzi, usitaje mayai, na neno "lakini" liache Tottenham. Sema, "Mama, nilikuvunjia heshima," kisha mkabidhi jani, usiongeze neno.

Na watoto uende nao. Najua wanajibu kwa Kiingereza, ila Kiswahili wanakisikia. Tusi walilisikia kwa Kiswahili. Wasikie na baba yao akiomba radhi.